Sjoerd si "Mlinzi wa Ushindi"

Tuanze na matamshi ya Sjoerd, jina la kiume la Wafrisia, maana kila mwaka tunakwama hapa. Sj ni sh ya shuka. Oe ni u ya kuku. R iacheni, Wafrisia wenyewe kule kaskazini mwa Uholanzi wanaimeza, na d ya mwisho kwao ni t. Shu-et. Haya, tena. Aliyesema "Sijoedi" nimemsikia.

Sasa fungueni orodha yoyote ya majina ya watoto: Sjoerd, "mlinzi wa ushindi". Hili nimelipinga mpaka koo limekauka. Vipande ni vya kweli, sige ni ushindi, ward ni mlinzi. G ililainika ikawa y, ikamezwa. Sigurd wa Wanorwe ni ndugu yake, na Siward pia, yule mtawala wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, aliyefariki 1055. Lakini nani kawaambia vipande hivyo viliungwa ili visomwe kama sentensi? Wagermani wa kale, mababu wa Wafrisia na Wanorwe, walikuwa na kapu la vipande: ushindi, mkuki, mbwa mwitu, amani, vita. Mtoto akizaliwa, mara nyingi huchukuliwa kimoja upande wa baba, kingine upande wa mama, vinaunganishwa, basi. Wafranki, Wagermani waliotawala Ufaransa ya kale, walikuwa na malkia Fredegund. Frid ni amani, gund ni vita. Haya, nitafsirieni huyo!

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, jina halina maana?" Lina, tena nzito. Kwa desturi ya jadi ya Wafrisia, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Muulize Sjoerd yeyote wa kijijini kwa nini anaitwa hivyo. Hatataja ushindi wala ulinzi. Atakwambia babu alikuwa Sjoerd.

Na wasomi wasijione wamepona. Yuko Mfrisia mmoja aliyezaliwa 1527, nyumbani kwao Sjoerd mwana wa Pieter. Kusoma kukamkolea, akajiita kwa Kilatini Suffridus Petrus. Lisikilizeni mwisho wake: fridus! Mlinzi kafukuzwa, kaingia amani. Mtu kabadilisha maana ya jina lake mwenyewe na wala hakushtuka, kwa sababu maana haikuwa imekaa humo. Ingawa simshangai sana, ni huyu huyu aliyetetea hadithi kwamba Wafrisia walitokea India wakiongozwa na mtu aitwaye Friso.

Naonyeshwa saa. Sawa. Majina ya ukoo basi, mbio mbio: mwana wa Sjoerd aliandikwa Sjoerds, ukoo ukawa Sjoerdsma, mwaka 1811 Napoleon, Mfaransa aliyeitawala Uholanzi wakati huo, akaamuru kila mtu huko awe na jina la ukoo, mengine someni wenyewe. Na babu akikosa mjukuu wa kiume? Binti anapewa jina lile lile na mkia kidogo: Sjoerdtsje. Hilo atatutamkia yule wa "Sijoedi".