Aende kwa Nani? Msaada kwa Wanafunzi wa LGBT na Rafiki Zao Kenya

MWENDE: Karibuni tena. Swali la leo ni la msichana wa mwaka wa pili chuoni. Anapenda wasichana, amechoka kulibeba jambo hilo peke yake, na anauliza aende kwa nani. Salim, wewe ulikuwa mshauri rika chuoni. Aanzie wapi?

SALIM: Aanze kwa kujua sheria inasema nini, kwa sababu woga mwingi unatoka hapo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaadhibu tendo la ngono lenyewe. Cha 162 kinafika miaka 14 jela, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Hilo ni zito na siwezi kulifanya jepesi. Lakini Kenya haina kifungu kinachomfanya mtu mhalifu kwa jinsi alivyo, wala kwa kuuliza, wala kwa kuongea na mshauri.

MWENDE: Kuna wanaoamini hata kumsikiliza rafiki ni kosa.

SALIM: Wengi mno, dada yangu, na si kosa. Hata kusajili shirika si kosa. Wakili Eric Gitari alienda mahakamani mwaka 2013 baada ya kunyimwa usajili wa shirika la kutetea haki za watu wa LGBT, na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema kuwanyima ni ubaguzi. Shirika lenyewe, NGLHRC, lina msaada wa kisheria wa bure: umekamatwa, unatishiwa, mwenye nyumba amekutupia vitu nje, unawatafuta hao. Kuna pia GALCK, muungano wa mashirika ya LGBT ulioanza 2006. Kama unataka tu watu wa kuzungumza nao, anzia hapo.

MWENDE: Na ofisi ya ushauri nasaha pale chuoni? Ndiyo iliyo karibu.

SALIM: Inategemea nani ameketi ndani. Nilikokuwa mimi, ofisi ile ilikuwa korido moja na ya mkuu wa wanafunzi. Mezani kuna kitabu: jina, nambari ya usajili, sababu ya kuja. Kalamu imefungwa kwa uzi, na aliye kwenye benchi anachungulia unachoandika. Wengi waliandika "masomo," nami nikawaambia inatosha. Ukiingia, kabla hujalitaja jambo lenyewe, uliza: nitakayosema yanaandikwa wapi, nani anayasoma, na ni lini utalazimika kumwambia mtu mwingine? Mshauri anayeijua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Akianza kuhubiri au kukuahidi kwamba atakubadilisha, shukuru, ondoka. Huu si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990.

MWENDE: Niongeze hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa taarifa nyeti za mtu. Kwa hiyo chuo kikisambaza habari kama hiyo kutoka kwenye faili lako, una pa kulalamika: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

SALIM: Na waliobadili jinsia, ambao vyeti vinawaumbua kila wanapoomba kazi?

MWENDE: Wao wana kesi ya Audrey Mbugua. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru KNEC, baraza la mitihani, ibadilishe jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne, KCSE, na kuiondoa alama ya jinsia. Si njia ya siku moja, lakini yupo aliyeshaipita.

SALIM: Tuje kwa marafiki, maana wanaotusikiliza wengi ni wao.

MWENDE: Hapa nina uchungu kidogo. Kundi la WhatsApp la darasa linaanza matusi, na wewe kwa moyo mzuri unaandika, "Jamani, humu ndani tuna mwenzetu wa aina hiyo, muwe na adabu." Umemaliza. Sasa watu 80 wanaanza kuhesabu nani hana mpenzi. Kemea matusi kwa sababu ni matusi, usimtaje wala usimdokeze mtu. Na siri uliyopewa si yako kumpa hata mpenzi wako.

SALIM: Na rafiki yako akienda kukutana na mtu waliyejuana kwenye programu za kutafuta wapenzi, wewe rafiki ujue ni wapi, na atarudi saa ngapi. Wapo wanaotega watu huko, wanawapiga picha, kisha wanadai pesa. Ikitokea, msifute jumbe. Zihifadhini, mpigie wakili, na msilipe mkidhani itaishia hapo.

MWENDE: Rafiki akianza kusema maisha hayana maana, usikae nalo hadi asubuhi. Befrienders Kenya wanapokea simu za watu waliofika hapo. Kaa naye anapopiga.

SALIM: Msichana wetu ameuliza pia kama amwambie mama yake likizo hii.

MWENDE: Mama ndiye anayelipa karo?

SALIM: Ndiye.

MWENDE: Basi mwanangu, hakuna haraka. Hujamdanganya mtu kwa kungoja. Ukiona lazima useme, kwanza uwe na mtu mzima mmoja, shangazi au mwalimu, aliyekubali kukupokea usiku uleule. Kitambulisho, vyeti na nauli vikae kwake kabla hujafungua mdomo.