Kidole Juu ya Kitufe cha Kukubali

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu na wanafunzi, walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanajua ninakoelekea, nami siwaombi radhi, kwa sababu kila mwaka naletewa seti ya data, yaani mkusanyo wa picha za kufunzia mashine, yenye ugonjwa ule ule. Sitaeleza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, inavyofunzwa wala kwa nini inahitaji picha zenye lebo, yaani jina la kilichomo, maana hayo mmekwisha kufundishwa. Nitazungumzia hatua moja tu: pale mashine inapopendekeza lebo na binadamu akaombwa aikubali au aikatae.

Kwamba tunaihitaji mashine, hilo halina ubishi. Mradi wa Snapshot Serengeti, wa kuwapiga picha wanyamapori wa Serengeti, ulitega kamera 225 zinazojipiga zenyewe katika eneo la kilomita za mraba 1,125, zikaleta mamilioni ya picha ambazo takriban robo tatu yake hazina mnyama yeyote, ni nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Wajitolea zaidi ya 28,000 walizipitia kwa njia ya intaneti. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mashine ingeweza kuweka lebo kwenye asilimia 99.3 ya picha milioni 3.2 kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na wajitolea wale, na kuokoa kazi ya zaidi ya saa 17,000. Mtu anayeiona hesabu hiyo kisha akashikilia kwamba kila lebo iwekwe kwa mkono anatupotezea muda.

Ugomvi wangu ni na kitufe cha kukubali. Miaka michache iliyopita niliitwa kukagua lebo za mradi mmoja wa picha za wanyamapori, ambao sitautaja. Vijana sita walikaa mbele ya kompyuta. Picha ilitokea, mnyama amekwisha kuzungushiwa kisanduku, jina limeandikwa juu yake, na kazi ya kijana ilikuwa kubonyeza. Tukafika kwa swala. Wenye kuwajua watakumbuka kwamba weupe wa makalio ya swala tomi huishia chini ya mkia, ilhali kwa swala granti weupe huo hupanda juu ya mkia kuelekea mgongoni. Wengi hutegemea mstari mweusi wa ubavuni kumtambua tomi, lakini granti jike na watoto wao nao huweza kuwa na mstari, na modeli ile ilikuwa imejifunza mstari, haikujifunza makalio. Nilisimama nyuma ya kijana mmoja. Alitokea granti jike aliyeipa kamera mgongo, weupe umepanda wazi kama shuka iliyoanikwa, na mashine ikaandika "swala tomi" kwa uhakika wa 0.97, ambapo 1 ni uhakika kamili. Kijana akabonyeza kabla sijamaliza kuitazama picha. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Akanijibu bila kugeuka, "Tomi, mwalimu. Si imeandikwa hapo?"

Kwa kuwa mimi ni mbishi, niliomba picha 60 za swala ambazo alikwisha kuzipitia zichanganywe na kurudishwa kwake kesho yake, majina yakiwa yamefichwa. Siku ya kwanza alikosea 19. Siku ya pili, bila msaada wowote wa mashine, alikosea 4. Macho yalikuwa yale yale. Naye alikuwa mtoto wa Loliondo, aliyewajua swala kabla hajajua kusoma, na lile neno juu ya kisanduku ndilo lililomzuia kuutumia ujuzi wake.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba dawa ni kumpelekea binadamu zile picha tu ambazo modeli inazitilia shaka. Ni njia nzuri, na mimi mwenyewe naitumia, lakini haigusi ugonjwa huu hata kidogo, kwa sababu modeli iliyozoea kosa hailitilii shaka: granti yule alipewa 0.97, kwa hiyo asingefika mbele ya mtu yeyote. Mwingine atasema tuweke wakaguzi wawili kwa kila picha. Sawa, lakini wawili waliosoma kibandiko kimoja ni shahidi mmoja. Wala msinikimbilie na wastani wa usahihi. Serengeti imejaa nyumbu, na anayewapatia nyumbu wote atapata wastani wa kupendeza hata kama kila zorila na kila fisi miraba, ambao ni nadra, amempa jina la mnyama mwingine.

Tazameni pia gharama ya kukataa. Katika programu ile, kukubali kulikuwa mbonyezo mmoja. Kukataa kulimtaka kijana afungue orodha ndefu ya majina, ashuke nayo, achague, achore kisanduku upya, kisha ahifadhi. Naye alilipwa kwa idadi ya picha. Nani kati yenu angekataa saa kumi jioni? Aliyebuni programu ndiye aliyelichagua kosa, kisha ripoti ikamlaumu kijana kwa uzembe. Nasema hivi: kukubali na kukataa kuwe na uzito mmoja, malipo yawe kwa saa, na katika kila picha kumi moja itolewe kwa bahati nasibu bila pendekezo, ili tofauti kati ya lebo zilizoonyeshwa jina na zile zisizoonyeshwa iwe kipimo cha kudumu cha namna mashine inavyowavuta watu wetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya uchoraji wa mipaka, yaani kufuatisha umbo la kila kitu kilichomo pichani, ambapo kampuni ya Meta, yenye Facebook, mwaka 2023 walitoa seti ya picha milioni 11 yenye michoro zaidi ya bilioni moja, asilimia 99.1 ikiwa imechorwa na mashine yenyewe. Itoshe kusema kwamba mpaka uliochorwa vibaya unaonekana kwa macho kirahisi kuliko jina lililoandikwa vibaya, kwa hiyo huko nina hofu ndogo zaidi. Faragha ya watu wanaonaswa na kamera za porini naiacha.

Lakini seti ya majaribio, yaani picha zilizotengwa za kuipima modeli, siiachi. Lebo zake zisipendekezwe na modeli yoyote, hasa modeli ile ile mtakayoipima, kwa maana mtakuwa mmempa mwanafunzi asahihishe mtihani wake. Hata pasipo mkono wa modeli, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulikuta takriban asilimia 6 ya lebo za seti ya uhakiki ya ImageNet, mkusanyo maarufu wa picha unaotumika kupimia modeli, zina makosa, nasi tunagombania nusu ya asilimia kwenye majedwali yetu ya kulinganisha modeli.

Katika zoezi la mchana mtakuta mapendekezo yamezimwa kwenye picha 200 za kwanza. Nimeyazima mwenyewe, na nenosiri ninalo mimi.