Chupa Tano za Jana Usiku

(Mazungumzo na madereva wa malori, Makambako)

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za asubuhi. Sikuja kuwaambia pombe ni mbaya. Hayo mmeshayasikia kanisani na msikitini. Nataka tumzungumzie dereva ambaye leo hajanywa. Alikunywa jana.

Tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe yenyewe, na ini huhitaji kama saa 2 hadi 3 kuimaliza. Umeanza saa 2 usiku, umeshusha tano, saa 6 umelala. Saa 10 alfajiri utingo anakugongea. Hata kama ini lako ni la wale wepesi, chupa tano zinataka saa 10, yaani mpaka saa 12 asubuhi. La mzito litahangaika hadi saa 5. Na kabla ya saa 5 wewe umeshaipita Iringa, unaanza kuteremka Kitonga na mzigo mgongoni. Pale gia nzito huingizwa juu, kabla ya mteremko. Ukichelewa kuamua ukategemea breki, zikichemka umekwisha.

Wengine mnategemea supu ya kuzimua. Pilipili na ndimu vitakutoa jasho, nalo jasho linakudanganya kwamba umepona. Kahawa inafukuza usingizi, lakini ini halina habari nayo. Kuoga maji ya baridi, hivyo hivyo.

Na bia angalau ina namba kwenye chupa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, je? Unaendelea kuchachuka humo humo kwenye ndoo, wa asubuhi si wa jioni. Mtu akiniambia amekunywa lita moja tu, sina hesabu ya kumpa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataja miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Msijipimie humo, macho na mikono huanza kuchelewa mapema zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye miligramu 50, na hajaonja hata tone. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 3 gari limejiendesha mita 66. Piritoni za mafua nazo zinaleta usingizi huo huo.

Kwa hiyo hesabu ifanyike jioni, kabla ya kufungua chupa ya kwanza: kesho tunatoka saa ngapi? Kama ni alfajiri, agiza soda. Kama umeshakunywa, mpigie tajiri usiku ule ule, mwambie gari litatoka saa 6 mchana. Najua atafoka. Nimewahi kuwa utingo. Tajiri wetu alifoka hata gari lilipowahi.

Karibuni maswali. Tuanze na yule ndugu wa nyuma, kanyoosha mkono tangu nilipoutaja ulanzi.