Mbwa, Kofia, Haragwe, Nyekundu

SHIRO: Haya tumerudi, poleni nyinyi mlikwama Mombasa Road na ile mvua. Baraka, kabla tuanze nakupa maneno manne. Mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Rudia.

BARAKA: Mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kwani tumerudi nasari?

SHIRO: Yashike tu. Leo ni virusi vinavyokaa mwilini miaka na miaka na vile vinagusa akili, na hii stori ni wewe uliileta.

BARAKA: Ni ya mjomba, amekubali niisimulie bora nisimtaje jina. Anauza spea Kirinyaga Road, huyo mzee alikuwa na bei ya kila beringi kichwani, daftari hana. Ana virusi vya ukimwi miaka mingi na dawa anameza. Sasa akaanza kurudisha chenji mara mbili, anaanza kuongea anaachia katikati, mteja anaitisha brekipedi yeye anaingia stoo anatoka mikono mitupu. Sisi tukasema ni mawazo, majirani wakasema ni pombe, na haki hajaonja pombe tangu nikiwa darasa la 4.

SHIRO: Na kliniki?

BARAKA: Hapo ndio kuliniuma. Alikuwa ameruka dawa siku kadhaa, virusi vikapanda, akagombezwa kama mtoto ati hajali. Mtu anaugua kusahau, unamgombeza kwa kusahau!

SHIRO: Na inazunguka hivyo: kumbukumbu ikilegea unaruka dawa, ukiruka dawa virusi vinaongezeka, vikiongezeka ubongo unaumia tena. HIV inafika kwa ubongo mapema, wiki za kwanza kwanza, inabebwa na seli nyeupe za damu. Lakini zile seli za neva zenyewe haiziingii sana.

BARAKA: Eh, hiyo ilinishangaza.

SHIRO: Inakaa kwa seli za ulinzi za ubongo, hizo ndio zinatoa kemikali na kuleta uvimbe mdogo mdogo hauishi, neva zinachoka. Ni kama kuishi ploti moja na mtu wa jiko la makaa, moto si wako lakini moshi unavuta.

BARAKA: Na dawa alikuwa anameza, si angekuwa sawa?

SHIRO: Zimesaidia sana, ile dimenshia kali, yaani akili na kumbukumbu kupotea, ya kabla ya ARV siku hizi ni nadra. Imebaki hii nyepesi, akili inaenda polepole, vitu viwili pamoja vinakushinda. Na usibebeshe virusi kila kitu, kuna presha, sukari, dipreshoni, hata dawa zingine. Efavirenz, ile ARV, unaikumbuka?

BARAKA: Wee! Mjomba alikuwa anaota kama sinema, anaamka na kizunguzungu. Saa hii yuko kwa ARV ingine, dolutegravir.

SHIRO: Homa ya ini aina ya C pia inaleta huo ukungu wa akili, lakini hiyo wengi wanapona kwa vidonge vya wiki 8 au 12. Shida ni ini likishaharibika kabisa, sumu kama amonia inafika ubongoni mtu anachanganyikiwa, hapo ni hospitali mara moja.

BARAKA: Mjomba baadaye alipata klinikal ofisa mwingine, mpole, akampima bila mashine. Gonganisha kidole gumba na cha shahada mbio mbio sekunde 5, halafu ngumi, kiganja, mkono wa upande, unarudia rudia, na maneno manne.

SHIRO: Hicho kipimo kilijaribiwa Marekani na Uganda hapa jirani, kikachapishwa 2005. Maksi ni 12, ukipata 10 kushuka unachunguzwa zaidi, haimaanishi ushaambiwa una ugonjwa.

BARAKA: Alipata 9. Sasa dawa anameza na chai ya asubuhi, alamu kwa simu, mke wake anauliza, na bei anaandika kwa daftari, kitu alikuwa anacheka wenzake nayo.

SHIRO: Haya, maneno yangu.

BARAKA: Mbwa... nyekundu... haragwe, hilo siwezi sahau nina njaa... ngoja.

SHIRO: Ni kitu cha kuvaa.

BARAKA: Kofia!

SHIRO: Nusu maksi.