Ndoo Moja Kila Sekunde Tatu

Sijakaa hata kitini, tayari watatu wamenishika mkono wakiniuliza: mwalimu, nisome kitabu gani? Jibu ni lile lile la mwaka jana na mwaka juzi. Mtihani wa leseni ya uhandisi wa nyuklia hapa Marekani unafanyika kwenye kompyuta, na kitabu cha rejea unakikuta humo humo kwenye skrini. Anayekesha akikariri kanuni anajichosha bure. Kinachowaangusha watu ni vizio, yaani vipimo vinavyoandamana na namba: sekunde au siku, kilo au lita. Vizio! Nimesema mpaka sauti imenikauka, na leo nasema tena.

Binti mmoja alikuja kusoma mezani kwangu, kichwa chepesi kweli kweli, fizikia ameisomea nyumbani kabla ya kuja huku. Nikampa hesabu: kinu cha megawati 3,000 za joto kimefanya kazi mwaka mzima, kisha kikazimwa. Siku moja baadaye, bado kinatoa joto kiasi gani? Maana kinu cha nyuklia hukizimi kama unavyozima jiko la gesi. Kupasuka kwa atomi kunakoma, lakini mabaki ya zile zilizopasuka yanaendelea kutoa mionzi, na mionzi hiyo inaipasha moto fueli.

Akaipata kanuni ya Way na Wigner, ile ya kukadiria joto linalobaki kinu kikishazimwa, akaingiza muda, akanipa jibu: megawati 137. Kanuni ndiyo, kikokotoo hakikukosea, jibu ni baya. Kanuni ile, ikiwa na kizidisho cha 0.066, inataka sekunde. Yeye kaweka siku. Weka sekunde 86,400, na mwaka nao uugeuze sekunde, utapata kama megawati 14.

Sasa najua kuna atakayesema: mwalimu, mtihani una majibu ya kuchagua, angeona jibu lake halimo akarudia. Hapana, ndugu yangu. Mtunga maswali stadi anaijua njia utakayopotelea, na huko huko ndiko anakokuwekea jibu. Utalikuta limekaa vizuri, utalichagua, utaendelea mbele kwa furaha.

Kwa hiyo nikamwambia, weka kikokotoo chini, tufikiri kwa maji. Kilo moja ya maji yanayochemka inataka megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Megawati 14 basi zinamaliza kilo sita na kidogo kila sekunde: ndoo ya lita 20 kila sekunde tatu. Na jibu lake la 137? Ndoo tatu kila sekunde, mchana na usiku, kwenye kinu kilichozimwa jana! Hapo akanyamaza, akarudi kwenye karatasi, kosa akaliona mwenyewe. Sikumwonyesha mimi.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni ya mtihani tu. Kituo cha Three Mile Island, hapa Marekani, Machi 1979: kinu kilijizima ndani ya sekunde chache, na bado karibu nusu ya kiini chake, pale panapokaa fueli, ikayeyuka kwa kukosa maji. Fukushima, Japani, Machi 2011: tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama ilivyopangwa. Bahari ikaja ikaua jenereta za kuendeshea mitambo ya kupoza, na vitatu vikayeyuka. Joto hili linalobaki ndilo lililofanya kazi hiyo. Anayepata hapa jibu kubwa mara kumi kuliko lililo sahihi, pampu atakayoichagua kesho ni pampu gani?

Sisi tuliosomea Afrika Mashariki tuna mzigo wa ziada. Tumelelewa na juli ya nishati, bekereli ya unururifu na siveti ya kipimo cha mionzi mwilini. Hapa, kwa mambo hayo hayo, utakutana na Btu, kyuri na rem. Kiwango cha juu cha mionzi anachoruhusiwa mfanyakazi kwa mwaka ni rem 5, yaani milisiveti 50. Wati moja ni Btu 3.412 kwa saa. Haya mawili yaweke kichwani leo.

Kuna wanaosema leseni ya nini, wengi viwandani wanafanya kazi bila hiyo. Ni kweli, majimbo mengi yanawaruhusu. Lakini siku utakapotaka kutia muhuri wako mwenyewe kwenye kazi ya umma, utaitafuta, na wakati huo utakuwa na watoto na zamu za usiku. Na mtihani huu hutolewa mara moja tu kwa mwaka, Oktoba. Ukianguka, unangoja mwaka.

Nilikuja na hesabu ya nyutroni zinazochelewa pia, ile asilimia 0.65 ya nyutroni za urani-235 zinazotoka baada ya atomi kupasuka, nazo ndizo zinazotuwezesha kukitawala kinu. Naona natazamwa kwa ajili ya saa, tuiache. Kikokotoo nacho: kuna orodha ya vinavyokubaliwa, nunua kimojawapo sasa ukizoee.

Karatasi ziko pale mlangoni. Kila mmoja achukue hesabu moja, na kabla hajabonyeza kitu, aandike pembeni jibu analolitegemea, pamoja na kizio chake.