Punda wa Madumu na Mlango wa Mwenye Nyumba

SHANGAZI: Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa! Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Mvua imenyesha tangu usiku, Dodoma yetu leo inanukia udongo, na watu wa mashamba wameamkia mtama na uwele. Mwalimu nipo naye hapa, ila sauti yake imekauka.

MWALIMU: Shikamoo Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Waambie sauti umeiacha wapi.

MWALIMU: Uwanja wa kanisa, Jumapili jioni. Niliwaambia wiki iliyopita kwamba nimepewa nafasi kwenye igizo la Krismasi, mwenye nyumba ya wageni. Sentensi yangu moja tu: "Hakuna nafasi, nendeni mbele." Nimeifanyia mazoezi wiki tatu, jikoni, njiani, hata kwenye bajaji. Ilipofika saa yake haikutoka. Basi leo tumeandaa mafunzo matatu, unyenyekevu, utii na ukarimu. Nianze na…

SHANGAZI: Anza na punda.

MWALIMU: Punda baadaye, Shangazi.

SHANGAZI: Watu wamenitumia ujumbe tangu Jumatatu wanauliza punda. Hawakuuliza unyenyekevu.

MWALIMU: Haya. Kamati iliazima punda kwa mzee mmoja anayeuza maji huku kwetu Nkuhungu. Punda jike, mpole, anabeba madumu manne ya lita 20 kila safari. Mpango ulikuwa Mariamu atembee ubavuni, Yusufu ashike kamba, watoke getini mpaka mlangoni kwangu. Hatua kama 60. Kwaya imeanza, akina mama wamebana ngoma za muheme magotini wanapiga, watu wamesimama. Punda naye kasimama. Pale pale getini.

SHANGAZI: Nilikuwa mstari wa pili. Nilimwona masikio.

MWALIMU: Yusufu kavuta, malaika wawili wamesukuma. Mtu mmoja akasema punda haendi bila kigongo, akaanza kutafuta fimbo. Mariamu, binti wa miaka 13, akamkumbatia punda shingo akasema hapigwi mtu hapa. Hilo halikuwemo kwenye igizo. Ndipo mwenye punda akaja taratibu, kofia mkononi, akasema: "Hamjampakia. Huyu mgongo ukiwa mtupu anajua kazi imekwisha."

SHANGAZI: Mgongo ukiwa mtupu kazi imekwisha. Nimelala nalo hilo neno.

MWALIMU: Wakaleta madumu manne, wakayafunga, wakafunika khanga yasionekane. Punda akaondoka. Ila akaenda kwenye bomba la maji, kule nyuma ya ofisi! Mariamu nyuma yake, Yusufu nyuma ya Mariamu, na wachungaji wadogo wote wakaona ndiyo njia, wakafuata.

SHANGAZI: Madumu yanakwenda bombani. Yangekwenda wapi tena?

MWALIMU: Sasa tuingie kwenye unyenyekevu…

SHANGAZI: Ngoja. Unajua punda huyo hayumo kwenye Biblia? Soma Luka, soma Mathayo, kwenye kuzaliwa kwa Bwana hakuna punda wala ng'ombe. Kuna hori tu. Punda watu wamemtoa Isaya 1:3, pale nabii anaposema ng'ombe anamjua bwana wake na punda anajua kibanda cha bwana wake. Mwaka 1223 kule Greccio, Italia, Fransisko wa Assisi akaandaa hori lenye nyasi, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, watu wakaja usiku na mienge. Tangu hapo punda hajatoka.

MWALIMU: Na hapa kwetu hakuna anayemwona mgeni. Ukimtoa punda kwenye igizo Dodoma, watoto watauliza maji yanaletwa na nani.

SHANGAZI: Wewe hukumtazama mgongo wake. Ana mstari mweusi toka shingoni mpaka mkiani, na mwingine unaukata mabegani. Msalaba. Bibi yangu kule Mvumi alikuwa akituonyesha kwa kidole, anaupitisha kwenye manyoya polepole. Na nikwambie, punda wamepungua. Mimi nimeona kaya zilizokuwa na wanne sasa hazina hata mmoja. Walikuwa wanachinjwa hapa hapa Dodoma kwa ajili ya ngozi, zisafirishwe China zikachemshwe dawa. Kisha Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Sasa fikiria mama wa kijijini punda wake akiibwa usiku. Maji ndoo kichwani, yeye na binti zake, na shule ndiyo imekwisha. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima kuzaa mmoja. Akishachinjwa, huwezi kusema tutapata mwingine kesho.

MWALIMU: Ndiyo maana yule mzee alikuwa amesimama karibu muda wote. Nilidhani anaangalia igizo.

SHANGAZI: Alikuwa anaangalia riziki yake.

MWALIMU: Shangazi, niruhusu niseme la mlangoni, dakika zinakwenda.

SHANGAZI: Sema, mwanangu.

MWALIMU: Wametoka bombani, wamefika kwangu. Mlango wenyewe ni wa mbao za masanduku, umechorwa kitasa. Yusufu kagonga, nimefungua. Mariamu amefungwa mto tumboni, jasho linamtiririka, ananitazama. Anasema sentensi yake, "Baba, tumetoka mbali." Nami nikamwona mtu mwingine kabisa.

SHANGAZI: Nani?

MWALIMU: Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Mnajua nina chumba cha uani ninapangisha. Dalali kaniletea binti mjamzito, mimba kubwa, ametoka Manyoni kutafuta kazi. Ana kodi ya mwezi mmoja. Mimi nachukua ya miezi sita, kama wenye nyumba wengi hapa tangu serikali ihamie na vyumba vikawa vya kugombaniwa. Nikamwambia, "Dada, kimeshapata mtu." Hakikuwa kimepata mtu. Mpaka leo kitupu. Sasa nimesimama mbele ya kanisa zima natakiwa kusema hakuna nafasi, na hilo neno nilishalisema Jumanne, kwa sauti yangu, bila mtu kuniandikia. Likanikwama hapa. Nikasema "Ingieni." Yusufu akachanganyikiwa, msimulizi akasoma mbele kana kwamba nimekataa.

SHANGAZI: Pole, Mwalimu. Pole sana.

MWALIMU: Nimemwamini Kristo miaka 20. Sijawahi kujiona kwenye Luka 2 mpaka siku hiyo. Nimejiona ni yule mwenye nyumba.

SHANGAZI: Hapo ndipo sikubaliani nawe.

MWALIMU: Kwa lipi?

SHANGAZI: Mwenye nyumba hayupo. Soma. Luka anasema hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, basi. Hakuna mlango, hakuna mtu aliyewafukuza. Marehemu baba alisomea uchungaji Kongwa, na alikuwa akitufafanulia: neno la Kigiriki lililopo pale ndilo lile lile la Luka 22:11, ambapo sisi tunasoma "chumba cha wageni", pale Bwana anapotafuta mahali pa kula Pasaka. Nyumba ya wageni ya biashara, yenye mwenyewe anayepokea dinari, iko Luka 10 kwa Msamaria, na neno lake ni jingine. Yusufu amefika mji wa ukoo wake. Chumba cha wageni kimejaa ndugu waliokuja kuhesabiwa. Wakawapa mahali ndani, penye mifugo. Ndivyo bibi yangu alivyoielewa bila Kigiriki, kwa sababu alikaa kwenye tembe. Dari ya udongo, moshi, na vitoto vya mbuzi vinalala ndani pamoja nasi. Mimi nimelala nimeegemea mbuzi. Wadogo zangu wawili walizaliwa humo, na hakuna aliyetufukuza popote. Mahali pa joto kuliko pote ni pale penye mbuzi.

MWALIMU: Yohana 1:11 inasema alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea.

SHANGAZI: Yohana anasema habari za ulimwengu. Usimpe mtu wa Bethlehemu dhambi asiyoitenda.

MWALIMU: Shangazi, mama mwenye uchungu anakuja, na hakuna ndugu hata mmoja anayenyanyuka kwenye chumba cha wageni kumpisha? Hata kama hakuna mlango, kuna mtu hakunyanyuka. Mimi ndiye huyo.

SHANGAZI: Au walimwona yeye ndiye anayehitaji pale penye joto na faragha, mbali na wajomba 15 wanaokoroma. Wanawake wa nyumba ile walimsaidia, nina hakika.

MWALIMU: Hao wanawake nao hawajaandikwa.

SHANGAZI: Hawajaandikwa. Ila mtoto hajikati kitovu mwenyewe.

MWALIMU: Basi kama wewe unaruhusiwa wakunga, niruhusu mwenye nyumba.

SHANGAZI: Wakunga hawamwonei mtu. Nakwambia hivi kwa sababu nakupenda: umelia kwa ajili ya mtu wa mbao za masanduku. Yule wa Manyoni ana mwili.

MWALIMU: Bila yule wa mbao nisingemkumbuka wa Manyoni! Jumanne nililala usingizi mzuri. Jumatano, Alhamisi, nimelala. Mungu alinifikia kwa mlango ambao haumo kwenye Maandiko, siwezi kusema hakunifikia.

SHANGAZI: Mungu anaweza kukufikia hata kwa punda, Balaamu aliyesemeshwa na punda wake anajua. Haimfanyi punda awe Injili.

MWALIMU: Sitakubali hilo.

SHANGAZI: Nami sitakubali la kwako. (kimya) Umemtafuta?

MWALIMU: Nimempigia dalali mara nne. Anasema binti alipanda bodaboda kuelekea Nzuguni, namba yake hakuichukua. Kesho natoka kazini saa tisa, nakwenda kuuliza.

SHANGAZI: Nitakwenda nawe. Mwanamke akiulizwa na mwanamume habari za binti mjamzito hatasema kitu.

MWALIMU: Asante, Shangazi. Wasikilizaji, utii na ukarimu hatujavigusa…

SHANGAZI: Wala unyenyekevu.

MWALIMU: …wala unyenyekevu, na wanakwaya wako mlangoni wanataka chumba chao, nawasikia wanajaribu sauti. Vitabaki hivyo hivyo.

SHANGAZI: Mwalimu, madumu mmerudisha?

MWALIMU: Mawili. Mengine mawili yako chini ya jukwaa, na ile khanga.

SHANGAZI: Yapeleke leo, kabla ya jua kuzama. Yule mzee kesho alfajiri anatoka na nini?