Namna ya kuandika anwani ya SIP simu ya intaneti iite: angalia mabano

Karibuni tena. Leo niko Tabora mjini, jirani na stesheni ya reli, namfungia mama mmoja simu za intaneti kwenye duka lake la asali. Simu zenyewe nauza, anayehitaji aniandikie hapo chini. Kuchomeka waya na kuwasha mnajua, naruka.

Fungua faili la mipangilio. Anwani ya SIP, yaani kanuni inayounganisha simu za intaneti, imekaa kama barua pepe: sip:101@192.168.1.10. Mlango (port) usipoutaja ni 5060, kwa sips, ile SIP yenye usalama, ni 5061. Twende.

Hapa sasa tulieni. Nataka simu hii ipite TCP, moja ya njia za kusafirisha data kwenye mtandao, kwa hiyo naongeza ;transport=tcp. Ngoja! Ukiweka hiyo nukta mkato, ifunge anwani nzima ndani ya mabano ya pembe, nukta mkato ikiwa ndani:

<sip:101@192.168.1.10;transport=tcp>

Bila mabano, seva inalichukua neno transport kuwa mali ya kichwa cha ujumbe, si ya anwani. Kanuni ya SIP, RFC 3261 ya mwaka 2002, inasema wazi: kwenye From, To na Contact, yaani mistari ya kichwa inayotaja anayepiga, anayepigiwa na pa kumpata mtu, anwani yenye koma, alama ya kuuliza au nukta mkato lazima ifungwe. Ila ile tag ya From, alama ya kutambua mazungumzo, inakaa nje. Nje ya mabano, jamani!

Subirini, skrini inang'aa, jua hili... Dogo, vuta pazia. Haya, mnaona sasa? Bano limefunguka hapa, limefunga hapa, ndipo inakuja ;tag. Rudisheni video nyuma mtazame tena.

Namba za nje mimi napenda ziandikwe kimataifa zote, hata za hapa hapa. Ya mezani ya Tabora inaanza na 026: toa sifuri, weka +255, inakuwa +25526 na zinazofuata, bila kuacha nafasi. Mwisho wa E.164, kanuni ya kimataifa ya namba za simu, ni tarakimu 15, msimbo wa nchi ukiwemo. Ongeza ;user=phone, seva ijue hii ni namba ya simu. Na nukta mkato imeingia tena, kwa hiyo? Mabano!

Alama ya reli (#) kabla ya @ iandikwe %23. Upande huo huo, Asha na asha ni wawili tofauti. Baada ya @ herufi kubwa au ndogo ni sawa tu.

Hifadhi, piga 101. Inaita! Shikamoo mama, unanipata hapo kaunta? Safi. Faili zima nabandika chini ya video, nakilini pamoja na mabano yake.